Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutumia mwanga badala ya redio kwenye mawasiliano ya angani

Haya ndo maswali yanayorudi kila mtu akisikia kwamba vyombo vya angani vimeanza kuongea na Dunia kwa leza. Sijayapanga kwa umuhimu. Mengine nimeyajibu kwa sentensi mbili maana hayahitaji zaidi, mengine nimejikuta nimeandika mpaka nimepitiliza, mtanisamehe.

Kwani mwanga na redio si vitu viwili tofauti kabisa?

Hapana, ni ndugu wa tumbo moja. Redio, joto unalolisikia ukikaa karibu na moto, mwanga wa kawaida, eksirei, vyote ni mawimbi ya sumakuumeme, kinachovitofautisha ni urefu wa wimbi tu. Bendi ya X, ile ya gigahezi 8.4 hivi ambayo vyombo vingi vya mbali vinaitumia kutuma data nyumbani, wimbi lake lina sentimita 3 na nusu, yaani unaweza kulipima kwa rula. Leza inayotumika sana kwenye kazi hii ina wimbi la nanomita 1,550, hapo milimita moja inabeba mawimbi zaidi ya 600. Shika hiyo tofauti, maana raha zote na kero zote zilizoko hapa chini zinatoka humo humo.

Basi kama ni mwanga, meseji inafika haraka zaidi?

Haifiki haraka zaidi. Hili ndo swali namba moja na ndo kosa namba moja, hata kwenye habari unalikuta. Redio nayo inakimbia kwa kasi ya mwanga, kilomita 299,792 kwa sekunde, hazipishani. Mirihi ikiwa karibu nasi ujumbe unachukua kama dakika 3, ikiwa upande wa pili wa Jua unachukua kama dakika 22, na hakuna leza itakayokupunguzia hata sekunde moja hapo.

Kinachobadilika ni mzigo. Chukua pikipiki na lori zimeondoka pamoja kwa spidi ile ile, zitafika pamoja, ila moja imebeba gunia moja na nyingine imebeba magunia mia mbili. NASA waliwahi kutoa mfano wa ramani kamili ya Mirihi, kwamba kuituma kwa redio za sasa ingechukua kama wiki 9 na kwa leza kama siku 9. Biti ya kwanza ingefika saa ile ile kwa njia zote mbili, biti ya mwisho ndo ingekuwa na hadithi tofauti.

Sasa hiyo faida inatoka wapi hasa?

Inatoka kwenye wembamba wa mwale. Wimbi lolote ukilirusha kutoka kwenye dishi au darubini linatanuka likiwa njiani, na linatanuka zaidi kadiri wimbi lilivyo refu na kadiri dishi lilivyo dogo. Hesabu yake ya haraka haraka ni rahisi, gawa urefu wa wimbi kwa upana wa dishi, afu zidisha kwa umbali.

Tufanye chombo kiko kilomita milioni 300 kutoka hapa. Kikiwa na dishi la mita 2 kwenye bendi ya X, mwale wake ukifika kwetu umeshatanuka zaidi ya kilomita milioni 5. Dunia nzima ina upana wa kilomita kama 12,700, kwa hiyo karibu nguvu yote imemwagika pembeni, gizani, haina faida kwa mtu yeyote. Kikiwa na darubini ya sentimita 22 na leza ya nanomita 1,550, mwale unafika ukiwa na upana wa kilomita 2,000 na kitu. Yaani kadarubini unakoweza kukakumbatia kanakusanya nishati mahali padogo kuliko dishi la mita 2, na sio kwa kidogo.

Kutoka Mwezini ni kali zaidi, darubini ya sentimita 10 inaacha doa la kilomita 6 hivi. Mji mmoja.

Faida ya pili ni kwamba mwanga una masafa ya juu mno, kama terahezi 193, kwa hiyo kuna nafasi kubwa sana ya kupakia data, wakati kwenye redio watu wamebanana na kila mmoja anagombania kipande chake.

Huo mwanga nikitoka nje usiku nitauona?

Hutauona, ni infraredi, jicho halina habari nayo. Na hata ungekuwa mwanga wa kuonekana, mwale haukai kama upanga unaowaka unaokatiza angani, angani hamna vumbi la kuumulika.

Taarifa inawekwaje kwenye mwanga?

Njia rahisi ni kuwasha na kuzima, kuna mwanga ni moja, hamna mwanga ni sifuri. Setilaiti zilizo karibu zina njia nyingine pia za kuchezea wimbi lenyewe, kama faiba za intaneti zinavyofanya.

Ila kwa vyombo vilivyo mbali sana wanatumia ujanja mmoja naupenda sana. Muda unakatwa vipande vidogo vidogo, tuseme vipande 128, na leza inapiga mpigo mmoja tu ndani ya hivyo 128. Ujumbe ni kipande gani kimepigwa. Ukiwaka kwenye kipande cha 77 hiyo ni namba 77, basi, kwa mpigo mmoja umeshatuma biti saba. Raha yake ni kwamba nguvu yote ya leza inarundikwa kwenye mpigo mmoja mkali, na huku chini mpokeaji anachotakiwa kujua ni fotoni zimegonga saa ngapi. Kuzihesabu wanatumia kigunduzi cha nyaya nyembamba sana ambazo zikipozwa mpaka karibu na sifuri halisi, huko kwenye nyuzi -272, zinapitisha umeme bila ukinzani wowote. Fotoni moja ikigonga waya ule ukinzani unarudi kwa kufumba na kufumbua, na mashine inaandika muda. Fotoni moja!

Mbona kila mtu anasema kulenga ndo shughuli?

Kwa sababu ndo shughuli kweli. Ule wembamba niliousifia hapo juu ndo unaokuja kukutesa. Redio ukikosea kidogo bado Dunia iko ndani ya mwale, leza ukikosea kidogo unapiga patupu.

Jaribu kitu hiki, chukua kile kileza kidogo cha kuonyeshea ubaoni ukielekeze ukuta ulio mwisho wa korido ndefu, wewe unahisi mkono umetulia kabisa lakini kale kadoa kanacheza ukutani kama kana homa. Chombo cha angani nacho kinatetemeka, kuna magurudumu yanazunguka ndani ya kukiweka sawa, kuna pampu, kuna paneli za sola zinajinyoosha kwa joto na baridi. Kwa hiyo darubini inatengwa na mwili wa chombo kwa vizuizi vya mtetemo, na ndani yake kuna kioo kinachorekebisha pembe muda wote.

Na hapo bado hatujagusa mwendo. Kwa kawaida kituo cha Dunia kinarusha leza yake kwenda juu kama taa ya kuongozea, chombo kinaiona, kinasema aa kumbe mko pale, afu kinarudisha mwale. Tatizo ni kwamba kwa kilomita milioni 300 mwanga unatumia sekunde 1,000 njia moja. Taa unayoiona sasa hivi iliondoka Duniani sekunde 1,000 zilizopita, na jibu lako litafika sekunde 1,000 zijazo. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kila sekunde, kwa hiyo ukipiga pale unapoiona utakuta imeshasogea karibu kilomita 60,000, na mwale wako una upana wa 2,000 tu. Umekosa kwa mbali. Inabidi upige pale Dunia itakapokuwa, sio pale unapoiona, kama mtu anayempasia mpira mchezaji anayekimbia, tofauti ni kwamba mchezaji mwenyewe humuoni alipo sasa hivi, unaiona picha yake ya zamani.

Mawingu je?

Mawingu ndo adui. Wingu zito linakata leza moja kwa moja na hakuna kuongeza nguvu kutakakosaidia. Bendi ya X haina habari na wingu, bendi za juu zaidi kama Ka zinasumbuliwa na mvua lakini zinapambana, leza yenyewe inagoma.

Dawa yake sio ya kisayansi sana, ni kuweka vituo vingi mahali tofauti na kuomba visifunikwe vyote siku moja. Ndo maana utaona vituo viko juu ya milima na kwenye ukame. Mtambo wa NASA uitwao LCRD, ulioko angani tangu Desemba 2021, una kituo kimoja Table Mountain huko California na kingine juu ya Haleakalā, Hawaii. Shirika la anga la Ulaya, ESA, lina darubini yake ya mita moja kisiwani Tenerife, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari. Na chombo nacho lazima kiwe na mahali pa kuhifadhi data, leo wingu, kesho tutajaribu tena.

Hata kukiwa kweupe hewa yenyewe inachezacheza, ile inayofanya nyota zimetemete inaukunja mwale pia. Hapo wanatumia vioo vinavyojipinda mara nyingi sana kwa sekunde kuusahihisha mwanga kabla haujafika kwenye kigunduzi. Watu wengi wanashangaa nikiwaambia kwamba katika safari ya mamilioni ya kilomita sehemu inayosumbua kuliko zote ni zile kilomita chache za mwisho, lakini ndo ukweli.

Na mchana, Jua haliharibu?

Linaongeza kelele, ndio, maana Jua nalo linatoa infraredi. Wanaweka vichujio vinavyopitisha rangi moja nyembamba tu ya leza, na hawalengi darubini karibu sana na Jua wasije wakachoma vifaa. Kazi mchana inawezekana. Ila redio nayo isijifanye safi hapa, kila miezi 26 hivi Mirihi ikipita nyuma ya Jua mawasiliano ya redio yanasitishwa kama wiki mbili.

Hii teknolojia ni ya jana tu?

Wazo ni la babu zetu. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell na Charles Sumner Tainter walituma sauti kwa mwanga wa jua uliogonga kioo chembamba kinachotetemeka, na inasemekana Bell alikiona hicho kifaa kuwa kikubwa kuliko simu yake. Mawingu yalimkwamisha yeye pia, cheka usicheke.

Kwa angani, jaribio ninalolipenda ni la Desemba 1992. Chombo cha Galileo kilikuwa kinaondoka karibu na Dunia kuelekea Mshtarii, watu wakakirushia mipigo ya leza kutoka California na New Mexico, na chombo hakikuwa hata na kipokezi cha leza, kilikuwa na kamera tu. Basi wakaiacha kamera wazi huku ikifagia pembeni, na kwenye picha vikatokea vidoa vidoa kwenye mstari, kila kidoa mpigo mmoja. Walifika mpaka kilomita milioni 6. Hakuna data ya maana iliyotumwa, lakini ilishajulikana kwamba unaweza kukipata chombo kwa mwanga.

Novemba 2001 setilaiti ya Ulaya iitwayo Artemis ikapokea data kwa leza kutoka setilaiti ya SPOT-4, megabiti 50 kwa sekunde. Mwaka 2013 chombo cha LADEE kikiwa kinauzunguka Mwezi kikashusha megabiti 622 kwa sekunde kwa leza ya nusu wati, hebu ifikirie hiyo nusu wati, balbu ndogo ya tochi inakula zaidi. Halafu kasetilaiti kadogo kenye mtambo wa TBIRD, mtambo wenyewe ukubwa wa boksi la tishu, kikafikisha gigabiti 200 kwa sekunde mwaka 2023 kikiwa kwenye mzunguko wa karibu na Dunia.

Ile video ya paka iliyotumwa kwa leza kutoka angani ni kweli?

Ni kweli kabisa. Chombo cha Psyche kiliondoka 13 Oktoba 2023 kikiwa kinaelekea kwenye asteroidi yenye jina hilo hilo, na kimebeba mtambo wa majaribio ya leza unaoitwa DSOC. Tarehe 11 Desemba mwaka huo, kikiwa kilomita milioni 31 kutoka hapa, kama mara 80 ya umbali wa Mwezi, kikatuma video ya sekunde 15 ya paka wa rangi ya chungwa anayeitwa Taters akikimbiza doa la leza kwenye kochi. Paka ni wa mfanyakazi wa JPL, maabara ya NASA huko California, na video iliwekwa kwenye chombo kabla hakijaruka, maana kuna watu huwa wananiuliza paka alifikaje huko. Ilisafiri sekunde 101, ikashuka kwa megabiti 267 kwa sekunde, ikapokelewa na darubini ya Hale ya Palomar, ile ya kioo cha mita 5.

Sasa sehemu tamu. Kutoka Palomar mpaka JPL video ilitumwa kwa intaneti ya kawaida, na hiyo intaneti ilikuwa na kasi ndogo kuliko ile iliyotoka kilomita milioni 31.

Spidi haikubaki hivo, na ni vizuri watu wajue. Aprili 2024 kwenye kilomita milioni 226 ilikuwa megabiti 25 kwa sekunde. Juni, kwenye milioni 390, kilele kilikuwa 8.3. Umbali ukiongezeka maradufu mwanga unaokufikia unabaki robo, sheria hiyo haina rafiki, leza nayo inaitii. Ila megabiti 8 kutoka huko na leza ya wati 4, mimi sina malalamiko.

Setilaiti kwa setilaiti inakuwaje?

Hapo ndo leza imeshaingia kazini bila kelele. Hamna mawingu, hamna hewa, kila kitu kinachokera kimebaki chini. Ulaya wana EDRS, ambapo setilaiti ya juu kabisa inazisikiliza za chini kwa leza, gigabiti 1.8 kwa sekunde, na kuzipelekea data ardhini. Starlink nao setilaiti zao zinarushiana data kwa leza, ndo maana wanaweza kumhudumia mtu aliye katikati ya bahari ambapo hakuna kituo cha ardhini karibu.

Na hapa, ukilinganisha na faiba, mwanga unawahi kweli. Ndani ya kioo cha faiba mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwenye ombwe unakwenda 300,000. Kwa safari ndefu ya bara mpaka bara njia ya juu inaweza kushinda ingawa ni ndefu zaidi. Niliposema leza haiwahi kuliko redio sijajipinga, huko tulikuwa tunalinganisha na redio, hapa na waya.

Leza ikipita kwenye ndege au ikimpiga mtu je?

Ile inayotoka juu inafika chini ikiwa imetanuka na kuchoka, haina madhara. Ya kuangalia ni inayotoka ardhini kwenda juu, kwa vyombo vya mbali inaweza kuwa na kilowati kadhaa. Vituo vinaangalia anga na vinaizima ndege ikikaribia, na wanaratibu pia wasije wakaimulika setilaiti ya mtu mwingine.

Kuna mtu anaweza kudukua?

Ni kugumu zaidi kuliko redio kwa sababu inabidi uwe ndani ya mwale, na mwale ni mwembamba. Lakini wembamba sio kufuli. Lile doa la kilomita 6 kutoka Mwezini bado linatosha mtu kukaa pembeni na darubini yake, kwa hiyo data inasimbwa kama kawaida. Wachina kwa setilaiti yao ya Micius, iliyorushwa 2016, wamepeleka mbele zaidi, wanatuma funguo za siri kwa fotoni moja moja, na mtu akichungulia inajulikana.

Leseni inahitajika?

Ya masafa kama ya redio hapana. Kanuni za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinaishia gigahezi 3,000, mwanga uko juu ya hapo. Kwa watu waliowahi kusubiri kugawiwa masafa hii peke yake ni sababu tosha ya kupenda leza.

Kwa hiyo redio inakufa?

Wapi! Chombo kikipoteza mwelekeo, kimepigwa na hitilafu, kinazunguka hovyo na hakijui Dunia iko upande gani, hapo leza haina msaada wowote, unahitaji antena ndogo ya redio inayopayuka kila upande na dishi kubwa huku chini la kuisikia. Voyager 1, chombo cha NASA, iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa na bado inatuma biti 160 kwa sekunde kwa redio ya wati 23 iliyotengenezwa miaka ya 1970. Hakuna anayeizima hiyo.

Kinachokuja ni vyote viwili kwenye chombo kimoja, redio kwa amri na dharura, leza kwa mizigo mikubwa kama picha na video. Hata huku chini wameshaanza kuvichanganya, huko Goldstone, California, kuna dishi la mita 34 la redio ambalo wamelifunga vioo saba katikati, na lilipokea redio na leza ya Psyche kwa wakati mmoja.